Maelekezo ya Dereva

Dada Kurasa hakupewa jina hilo na wazazi wake. Alipewa na Mwalimu, kwa sababu ukimuuliza habari za nyumbani, yeye hukujibu habari za kurasa: ukurasa huu umekaa upande, ule unachelewa kufunguka kwenye simu za bei nafuu, mwingine maandishi yake ni madogo kama mchwa. Walikuwa watatu kwenye kazi ile: yeye, Mwalimu na Wakili. Walikuwa wametengeneza tovuti ya kuwasaidia wanawake wanaopigwa majumbani mwao: daktari gani haulizi maswali mengi, ubebe karatasi zipi ukiondoka, ufute vipi nyayo zako kwenye simu. Tovuti yenyewe haikuwa na mbwembwe. Zilikuwa kurasa tu, zimeandikwa zikatulia, hazidai akaunti wala nywila, ili hata mtu aliyejifungia bafuni na simu mbovu aweze kuzisoma kabla mlango haujagongwa.

Maandishi yote yalikaa katika ghala moja mtandaoni. Kila mmoja wao alikuwa na nakala nzima kwenye kompyuta yake. Ukiandika jambo jipya, unalisukuma ghalani, linangoja. Mwenzako akilisoma na kulikubali, linaunganishwa na yale ya zamani, na punde si punde tovuti inajichapisha. Ghala hukumbuka kila badiliko: nani kaandika, nani kafuta, na kilichofutwa kilisemaje. Nalo waliliacha wazi kwa makusudi, ili vikundi vya miji mingine vijichukulie nakala na kuzitumia kwao bila kuomba ruhusa. Kila nakala mpya ilipochukuliwa, Mwalimu alipiga makofi kama mtu aliyeletewa mjukuu.

Mwalimu alikuwa amestaafu, na mambo ya kusukuma na kuunganisha aliyajulia uzeeni. Kila badiliko lake alilitolea maelezo marefu kama ripoti ya shule: “Nimeondoa koma mbili katika ukurasa wa pili. Samahani kwa usumbufu.” Wakili alicheka mpaka akashika mbavu. Dada Kurasa hakucheka, ila aliyapenda maelezo yale, na kwa kuwa aliyapenda, alizoea kuyasoma hayo tu na kukubali badiliko lenyewe bila kulifungua.

Asubuhi hiyo walikuwa kwenye chumba chao, nyuma ya duka la fotokopi. Mashine za mbele zilikuwa zinakohoa na kutema karatasi. Mwalimu alikuwa anamimina chai kutoka kwenye chupa yake. Dada Kurasa alikuwa anapitia ghala kutafuta picha moja iliyopotea, ndipo jicho lake lilipogonga faili ambalo halikuwa na kazi pale. Liliitwa maelekezo ya dereva.

Alilifungua. Alisoma mstari wa kwanza, akasimama. Alisoma wa pili, akaurudia.

“Mwalimu,” alisema, “hii nini?”

Mwalimu alivaa miwani, akainama. “Aa, hiyo? Ni ya yule dereva wa magodoro. Nilimwandikia asije akapotea tena. Nili…” Hakumalizia. Aliweka kikombe chini bila kutazama, chai ikamwagika mezani.

Maelekezo yale yalikuwa ya kwenda nyumba ya hifadhi. Ndiyo nyumba ambayo hata Wakili hakuwahi kufika. Mwalimu alikuwa ameyaandika kwenye kompyuta ileile, katika folda ileile ya tovuti, na juzi aliposukuma ukurasa wake mpya alisukuma folda yote kama ilivyo. Dada Kurasa akakubali. Na ndani ya nyumba ile alikuwamo mdogo wake wa kike, tumbo moja, aliyemkimbia mumewe akiwa na binti yao.

“Tovutini halionekani,” Dada Kurasa alisema haraka, kana kwamba kuna mtu anambishia. “Si ukurasa. Liko ghalani tu. Nalifuta.”

Alilifuta, akasukuma, akaunganisha. Faili likatoweka. Alishusha pumzi, akajifuta viganja kwenye gauni, hata akatabasamu kidogo. Mwalimu alikuwa anasema alhamdulillahi na asante Bwana kwa pamoja, kama mtu asiyetaka kumwacha nje yeyote anayehusika.

Kisha tabasamu likamwisha Dada Kurasa.

Alifungua historia ya ghala. Badiliko lake la sasa hivi lilikuwa juu kabisa: Dada Kurasa amefuta faili. Na chini ya maneno hayo, kwa rangi nyekundu, mstari baada ya mstari, kilikuwa kimeandikwa kila alichokifuta. Ni kama mtu aliyezika kitu, halafu akasimika kibao juu ya kaburi kueleza kilichomo.

Akatazama orodha ya waliochukua nakala. Vile vikundi vya siku zote vilikuwepo. Chini yao palikuwa na jina geni, halina picha, halina kazi nyingine yoyote. Limechukua nakala nzima ya ghala. Juzi.

Simu yake ikaita.

Kwenye kioo pameandikwa “Shemeji”. Hakuwa amelibadilisha jina hilo, kwa sababu tangu mdogo wake aondoke, mtu huyo hakuwahi kumpigia hata mara moja, na ukimya wake ndio uliomtisha zaidi. Alikuwa mtu mpole wa kusema. Mtaani walimsifu. Kazi yake ilikuwa kufunga na kutengeneza mitandao ya maofisini, na yeye ndiye aliyekaa na Dada Kurasa sebuleni, jioni baada ya jioni, akimfundisha jinsi ghala linavyofanya kazi, huku mdogo wake akipita na sinia, mkono mmoja umefungwa bandeji, akisema ameteleza bafuni.

“Shemeji,” sauti ilisema, taratibu, sauti ya mtu aliyeshiba. “Hujambo?”

“Sijambo, shemeji.”

“Kazi zinaendaje? Nimepitapita kwenye kurasa zenu. Zimependeza, hongera. Ila huyo mwenzenu ana haraka. Mwambie awe anatazama anachosukuma.”

Dada Kurasa aliibana simu sikioni.

“Si nilikufundisha? Mle ndani hakifutiki kitu.” Alicheka kidogo, kicheko cha puani. Na nyuma ya kicheko kile Dada Kurasa akausikia mlio: msumeno mkubwa unaopanda, unakwama kwenye gogo, unanguruma, unapanda tena. “Haya, nisikucheleweshe. Ukimwona mdogo wako leo, msalimie.”

Akakata.

Mstari wa pili wa maelekezo ulisema: nenda mpaka kwenye mashine ya kupasua mbao.

Dada Kurasa aliinuka hata kiti kikaanguka. Alichukua mkoba, akauangusha, akauokota bila kujua anafanya nini. “Yuko pale,” alisema. “Mwalimu, yuko pale pale. Nimesikia mashine. Naenda.”

“Kaa.”

“Atamuua!”

“Kaa chini, nasema!” Ilikuwa sauti ya darasani, ile iliyonyamazisha watoto miaka na miaka, na Dada Kurasa alijikuta ameketi sakafuni, kwa kuwa kiti hakikuwepo. Mwalimu aligeuza kompyuta. “Soma mwisho wake. Soma kwa sauti.”

“Baada ya mashine ya mbao ingia mtaa wa kushoto,” Dada Kurasa alisoma. “Geti unalijua mwenyewe.”

“Unaona? Geti sikuandika. Dereva analijua geti, hupotea njia tu.” Mwalimu alimshika mabega. “Mtaa ule una mageti kila upande, yote yamefanana. Sasa niambie, anayejua geti anapiga simu ya nini? Si angebisha? Amekupigia ili uchanganyikiwe. Uende mbio, akuone unaingia wapi. Au uwapigie watoke, aone geti lipi linafunguka.”

Dada Kurasa alimtazama. Ilimchukua muda maneno yale kumwingia, na yalipoingia hayakumpunguzia hofu, yaliigeuza tu. Mwanzo alitaka kukimbia. Sasa aliogopa hata kuinua mguu.

Mwalimu alimpigia Mama Ufunguo, mlezi wa ile nyumba, mwanamke mnene wa maneno machache aliyelala na funguo zote shingoni. Alimweleza kwa sentensi fupi fupi.

“Kuna gari jeupe limesimama ng’ambo,” Mama Ufunguo alinong’ona. “Nimeliona tangu nilipokuwa nafagia. Nikadhani la mteja wa mbao.”

“Usifungue geti,” Mwalimu alisema. “Hata kidogo. Nyuma kuna nini?”

“Ukuta. Ng’ambo ya ukuta ni kwa dobi. Anafua shuka za hospitali.”

“Mnafahamiana?”

“Tunasalimiana. Hajawahi kuuliza kitu. Lakini siku zile mtoto alipolia usiku kucha, asubuhi alirusha pakiti ya biskuti juu ya ukuta. Anajua, huyo.”

“Basi mwombe ngazi.”

Mama Ufunguo alisema wapewe muda, kuna mjamzito mmoja na kuna watoto, na kuna mwingine amesikia tu neno “gari” akaingia chini ya kitanda hataki kutoka. Dada Kurasa hakuuliza ni nani huyo. Alijua. Mdogo wake tangu utotoni, akiogopa, hulala chini ya kitanda.

Wakili alikuwa mahakamani. Walimtumia ujumbe aende polisi moja kwa moja, akang’ang’anie mpaka watoke naye. Kisha hapakuwa na la kufanya, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Dada Kurasa alitazama ukuta. Aliona geti la bluu la ile nyumba likifunguka kila alipopepesa macho. Itakuwaje akichoka kungoja? Itakuwaje akiamua kuzunguka mtaa, akatokea kwa dobi, akawakuta juu ya ngazi na watoto migongoni?

“Lazima abaki garini,” alisema.

“Utamfungaje mtu garini kwa simu?”

Dada Kurasa alifikiri zile jioni za sebuleni. Alifikiri jinsi shemeji yake alivyokuwa akivuta kiti karibu, akamnyang’anya kibodi kwa upole, akasema si hivyo, tazama. Angeweza kukaa saa nzima na chakula kikapoa. Hakuwahi kumwona akifurahi kama pale mtu alipokuwa hajui na yeye anajua.

“Nitamwomba anifundishe,” alisema.

Mwalimu aliweka simu yake mwenyewe mezani, akaiwasha irekodi. Kurekodi alikujulia kwenye kwaya, hakukosea. Dada Kurasa akapiga, akaweka sauti ya wote wasikie.

“Ee, shemeji,” yule mtu aliitika mara moja. “Umenikumbuka?”

“Shemeji, nimeharibu,” Dada Kurasa alisema, na wala hakuhitaji kuigiza, kwa kuwa sauti ilikuwa imekatika yenyewe. “Nimefuta faili lakini bado linaonekana kwenye historia. Nimekwama. Sijui nifanye nini.”

Msumeno ukapanda, ukashuka.

“Umelifuta kawaida?” aliuliza.

“Ndiyo.”

“Aah, shemeji!” Na furaha ilikuwemo mle ndani, Dada Kurasa aliisikia. “Si hivyo. Hapo umeongeza ukurasa juu ya ukurasa. Inabidi uiandike upya historia yenyewe, tangu badiliko lile kuja huku. Uko kwenye kompyuta? Chukua kwanza nakala safi. Usifanyie kwenye ile unayofanyia kazi.”

Dada Kurasa alichukua nakala safi. Alifanya kweli. Alirudia kila alichoambiwa, akajifanya hakusikia, akauliza tena. Yule mtu alimweleza kwa subira, kama zamani. Alimtajia amri moja baada ya nyingine, akamsahihisha nukta, akamuuliza kioo kinasema nini. Mwalimu alishika simu ya tatu, aliyoiazima kwa mwenye duka la fotokopi na kumpa Mama Ufunguo namba yake, ikiwa na ujumbe: Ngazi imekuja. Mjamzito amevuka.

“Sasa ikimaliza, usisukume kawaida, itakataa,” shemeji alikuwa anasema. “Lazima ulilazimishe. Na hao wenzako wote wafute nakala zao za zamani, la sivyo mmoja wao akisukuma kesho… Subiri.”

Akanyamaza.

“Shemeji?” Dada Kurasa aliita.

“Kuna geti limefunguka,” alisema, kwa sauti nyingine kabisa, kavu. Mlango wa gari ulisikika ukifunguliwa.

Mwalimu aliziba mdomo kwa mikono miwili. Dada Kurasa aliganda. Alisikia hatua juu ya kokoto, na pumzi za yule mtu, na msumeno. Alitaka kupiga kelele jina la mdogo wake, kana kwamba lingefika. Ikapita pikipiki karibu na simu, ikanguruma ikaishia mbali. Mtu fulani wa mtaa ule alikuwa anaenda zake kazini, basi.

Mlango wa gari ukafungwa.

“Tulikuwa wapi?” shemeji aliuliza.

“Kulazimisha,” Dada Kurasa alisema. Machozi yalikuwa yanamdondoka juu ya kibodi, akaendelea kuandika. “Nimelazimisha. Imekubali. Historia imesafika. Sasa, shemeji, na wale wa nje waliochukua nakala? Zao nazifutaje?”

Yule mtu alicheka. “Hizo huzifuti. Hizo zimeshatoka mkononi mwako. Kama yangu niliyochukua juzi, hata ulie damu, huigusi.”

“Ulichukulia nini, shemeji?”

“Nimfuate mke wangu.” Alisema vile kama mtu anayeeleza bei ya mkate. “Ni wangu yule. Leo naondoka naye, atake asitake. Na safari hii, akinyanyuka tena kutoka nyumbani, basi atakuwa amebebwa.”

Simu mkononi mwa Mwalimu ikawaka. Mdogo wake Dada Kurasa amekataa kutoka chini ya kitanda. Bintiye ameingia kumfuata. Kisha, baada ya muda ambao Dada Kurasa hakuweza kuupima, maana alikuwa anauliza swali la kipumbavu kuhusu matawi ya ghala na kujibiwa kwa upole wote: Mtoto amemtoa. Amemshika mkono. Wako kwa dobi. Na mwisho: Gari la shuka limeondoka.

Kumbe walipita kati ya shuka nyeupe zilizoanikwa kamba hadi kamba, mpaka kwenye gari la hospitali, wakalala chini ya mafurushi. Dobi hakusema neno. Mama Ufunguo peke yake alibaki, kwa sababu nyumba isiyofunguliwa na mtu ingemwambia yule mwanamume kila kitu mapema mno.

“Asante, shemeji,” Dada Kurasa alisema. “Umenisaidia sana.”

Huenda ilikuwa ile asante. Huenda sauti yake ililegea kidogo tu kuliko ilivyopaswa.

“Ulikuwa unanishika,” shemeji alisema polepole. “Ulikuwa unanishika kwenye laini.” Simu ikakatika.

Alianza kubisha geti kwa geti. La Mama Ufunguo lilikuwa la tatu au la nne, na alipofungua alimsukuma akaanguka juu ya ndoo. Alipita chumba kwa chumba, hakukimbia, hakuvunja kitu. Wakili alipofika na polisi walimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda kimojawapo, viganja juu ya magoti. Aliwaambia kwa adabu kwamba ameitwa kutengeneza mtandao. Mama Ufunguo alikuwa jikoni na kiuno kimeteguka, ameshika mchi, anasema hajawahi kuwa na mtandao maishani mwake.

Rekodi ya Mwalimu ilisikilizwa mahakamani, pamoja na msumeno wote na maswali yote ya kipumbavu. Hakimu aliomba sehemu ya mwisho irudiwe. Yule mtu hakutoka gerezani siku ile wala siku nyingi zilizofuata, ingawa si nyingi kama Dada Kurasa angependa. Mle kizimbani alimtazama mara moja tu, na alichoinua ni nyusi, kama mwalimu aliyeshangazwa na mwanafunzi. Usiku huo Dada Kurasa alilala na taa inawaka.

Mwalimu alitaka kujitoa. Alileta kompyuta yake imefungwa kwenye kanga, akaiweka mezani, akasema yeye ni mzee, mikono yake ni ya chaki, karibu aue watu. Dada Kurasa alimsukumia kompyuta yake.

“Wewe uliandika, mimi nilikubali bila kufungua,” alisema. “Kama ni kujitoa, tujitoe wote wawili, abaki Wakili peke yake na koma zako.”

“Hajui hata koma inakaa wapi,” Mwalimu alisema, akaanza kulia.

Wakafunga ghala lisiwe wazi tena. Wakafuta nakala zao zote za zamani. Mambo ya nyumba ya hifadhi yakakatazwa kuandikwa popote penye waya au betri. Na kila badiliko, hata la nukta moja, walilisoma wawili, bega kwa bega, kwa sauti. Kazi ilikwenda polepole kuliko konokono. Dada Kurasa kila alipofika kwenye kitufe cha kukubali, kidole kilimfa ganzi, akarudi juu kusoma upya.

Mdogo wake alipiga simu majuma kadhaa baadaye, kwa namba isiyoonekana.

“Dada,” alisema. Sauti ilikuwa chini, lakini ilikuwa yake. “Tuko salama. Nikwambie tuko wapi?”

Dada Kurasa alitazama dirisha, mlango, simu yenyewe. Hapakuwa na kitu duniani alichotaka kukijua zaidi ya hicho.

“Usiniambie,” alisema.

“Dada, ni mimi.”

“Najua. Usiniambie. Niambie kama unalala.”

“Nalala. Juu ya kitanda.” Wote wawili walicheka kidogo, kwa woga woga. Kisha palisikika mvutano, na simu ikanyakuliwa.

“Mama mkubwa!” binti alipaza sauti. “Hapa kwetu kuna…”

“Usiseme, mwanangu!” Dada Kurasa alimkata. “Usiniambie kuna nini hapo.”

Mtoto alinuna. Dada Kurasa alimsikia akifikiri, akitafuta jambo ambalo halikatazwi.

“Jino langu limeng’oka,” alisema mwishowe. “Hilo naweza kusema?”

“Hilo sema,” Dada Kurasa alijibu, akaketi vizuri. “Lipi? La juu au la chini? Nieleze lote, taratibu.”